Kilomita 412,607: familia moja ya Kavimvira na gari ya mazuti

UVIRA – Namba ilikuwa 412,607. Baba aliiandika kwenye daftari ya mtoto, ukurasa wa nyuma, chini ya hesabu za kuzidisha, kisha akapiga mistari miwili chini yake. Ndizo kilomita ambazo gari ile ilikuwa imetembea, kama kipimo chake kilikuwa kinasema kweli. Kuizunguka dunia mara moja ni kilomita karibu 40,000. Kwa hiyo Hiace ile nyeupe, iliyosimama chini ya mwembe kando ya barabara ya Kavimvira, ilikuwa imezunguka dunia mara kumi, na sasa ilikuwa inatafuta mtu wa kuizungusha tena.

Mwenye daftari ni baba wa watoto watano. Huko Kamanyola alikuwa na duka la misumari, mabati na saruji. Februari 2025, siku chache baada ya Bukavu kuanguka, alifunga duka na kushika njia ya Uvira kwa miguu pamoja na mke na watoto, kama maelfu ya watu wengine wa bonde la Ruzizi. Wengine walivuka mto wakaingia Burundi. Wao walifika Kavimvira kwa yaya wa mke wake, na tangu siku hiyo watu kumi na mmoja wanalala katika vyumba viwili.

Alikuwa na kiwanja kidogo hapa Uvira, alichokinunua miaka ya amani. Alikiuza mwezi wa saba: dola 3,400. Mke wake alipata zamu yake ya likelemba: dola 600. Na zile pesa walizotoka nazo Kamanyola zilikuwa dola 1,300. Mama alizifunga ndani ya kitenge na kutembea nazo kiunoni, kwani benki za Bukavu zilikuwa zimefunga milango na hakuna aliyejua zitafungua lini. Jumla ni 5,300. Hakukuwa na nyingine popote.

Mwenye Hiace alikuwa anataka 5,000.

Mpango wenyewe haukuwa wa kijinga. Wakati ule njia ya Bukavu haikuwa njia ya kila siku tena. Watu na biashara vilikuwa vimegeukia kusini: Makobola, Swima, Mboko, mpaka Baraka, karibu kilomita mia moja. Asubuhi gari ingepeleka abiria, jioni ingerudi na ndagala na mafuta ya mawese. Mke wake anauza ndagala sokoni na anajua kila mwezi anawalipa wenye magari pesa ngapi. Pesa ile ingebaki nyumbani.

Komisionere aliyeleta habari ya gari alikuwa na maneno matamu. "Muzee, esanse ni ya wenye haraka. Mazuti ni ya wenye maisha. Motere ya mazuti haifi."

Neno hilo lina ukweli ndani yake, lakini si wote. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye jina lake ndilo limebaki kwenye motere hizi, alionyesha ya kwanza iliyofanya kazi vizuri mwaka 1897. Motere ya namna hii haina buji za kupiga cheche. Inavuta hewa na kuibana mara ishirini na zaidi mpaka inakuwa moto sana, na mazuti yakirushwa ndani yanawaka yenyewe. Kwa sababu ya mbano huo inajengwa kwa chuma kizito. Ndiyo maana Hiace ya mazuti yenye kilomita 400,000 si ajabu kwenye barabara zetu. Lakini nguvu ile ile inayoipa maisha ndiyo inayofanya ugonjwa wake uwe wa gharama. Pampu ya mazuti na vile vidomo vinavyorusha mazuti ndani ya motere havivumilii maji wala uchafu, na vikiharibika bei yake inaweza kula faida ya miezi.

Kuna jambo jingine lililomvuta baba kwenye mazuti, ambalo hakumwambia komisionere. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilianguka Sange, likawaka moto, na watu zaidi ya 230 wakafa. Yeye alizika jamaa pale. Mazuti pia yanaungua, lakini hayashiki moto upesi kama esanse. Tangu Sange hapendi kukaa kwenye gari yenye jerikani ya esanse chini ya kiti.

Ndugu wa mke wake ni fundi, ana garaji ndogo upande wa Mulongwe. Alipoonyeshwa ile namba kwenye daftari alicheka kidogo.

"Shemeji, usiniulize imetembea ngapi. Niulize ilitembezwa na nani."

Jibu lilipatikana siku hiyo hiyo. Muuzaji alikuwa shofere mzee wa njia ya Bukavu. Aliiendesha gari ile miaka kumi na moja, yeye peke yake, akipanda na kushuka milima ya Ngomo. Jina kwenye karte roze lilikuwa lake, na namba ya chasi ilifanana na ile iliyo kwenye chuma. Hilo si jambo dogo. Wakati wa vita gari inaweza kubadilisha mikono bila karatasi, na anayenunua kwa bei ya chini leo anaweza kusimamishwa kesho na mwenye mali. Mzee yule alikuwa anauza kwa sababu moja tu: njia yake ilikuwa imefungwa.

Usiku fundi alimpigia simu mzee na kumwomba asiwashe gari mpaka wafike. Saa kumi na moja na nusu asubuhi walikuwa chini ya mwembe. Kitu cha kwanza alichofanya fundi ni kuweka kiganja juu ya motere. Ilikuwa baridi. Motere iliyopashwa moto kabla mnunuzi hajafika inaficha mengi. Iliyolala usiku kucha inasema kweli.

Taa ya buji za joto iliwaka, ikazimika. Mzee akazungusha ufunguo. Mara ya kwanza ilikataa, mara ya pili ikashika. Moshi mweupe ulitoka kidogo, na baada ya dakika mbili ukaisha. Fundi alikuwa anamweleza shemeji yake kwa sauti ya chini. Moshi mweupe wa asubuhi unaokwisha si kitu. Usiokwisha unaweza kuwa maji yanaingia ndani ya motere. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Moshi mweusi mzito ni mazuti mengi au hewa kidogo. Kisha akafungua kifuniko cha oili motere ikiwa inanguruma, akaweka kipande cha karatasi juu ya tundu. Karatasi ilitetemeka lakini haikuruka. Pistoni zilikuwa bado zinabana. Oili ilikuwa nyeusi, kama ilivyo kawaida kwenye mazuti, lakini haikuwa na ule utandu kama maziwa unaoonyesha kwamba imechanganyika na maji.

Aliinua zulia la ndani, akanusa, akapitisha kidole chini ya viti. Alikuwa anatafuta matope. Aprili 2020 Mulongwe ilipofurika na kubeba nyumba na watu, magari nayo yalilala ndani ya maji. Mengine yalikaushwa, yakapakwa rangi, yakauzwa. Hii haikuwa na matope.

Yaliyobaki hayakuwa mazuri. Raba ya pedali ya breki ilikuwa imekwisha, chuma kinaonekana. Kwa hiyo 412,607 inaweza kuwa kweli, au inaweza kuwa pungufu. Kipimo kinaweza kurudishwa nyuma, raba hairudi. Pine mbili za nyuma zilikuwa laini kama kiganja. Maji ya radieta yalikuwa na rangi ya Mulongwe baada ya mvua, maana yake gari ilikuwa inanyweshwa maji yoyote. Usukani uko kulia, kama magari mengi yanayotoka Japani, kwa hiyo mlango wa abiria unafungukia upande wa kushoto. Hapa Congo tunapita kulia, na abiria anayeshuka anashukia katikati ya barabara, mahali pikipiki zinapita.

Na kulikuwa na mkanda wa motere, ule unaounganisha mzunguko wa chini na vali za juu. Kwenye motere ya namna hii mkanda unapaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika gari ikiwa inatembea, vali na pistoni zinagongana, na kazi inakwisha hapo hapo barabarani.

"Mzee, mkanda ulibadilishwa lini?"

"Juzi juzi."

"Juzi gani, mzee?"

Mzee aliangalia upande wa ziwa, akahesabu kimoyomoyo, na hakupata jibu. Hakuwa anadanganya. Alikuwa amesahau.

Jioni ile daftari ilifunguliwa tena. Mkanda na vinavyofuatana nao, 180. Oili na chujio, 70. Pine mbili, 160. Breki, 90. Kubadilisha karatasi na kulipa asiransi, 250. Mazuti ya kuanzia, 60. Jumla 810. Ukiongeza 5,000, ni 5,810. Kwenye kitenge kulikuwa na 5,300. Na hapo hakuna aliyeandika pesa ya bariera za njiani, wala masomo ya Septemba, wala unga wa watu kumi na mmoja kama gari ingelala garaji wiki mbili.

Baba alisema tofauti hiyo angeikopa. Yaya alikuwa upande wake. Mama huyo alikimbilia Kigoma wakati wa vita ya 1996, na mwaka 1997 alirudi Uvira kwa meli ya Liemba, ile iliyorudisha wakimbizi zaidi ya 75,000 kutoka Tanzania. "Mnaogopa gari kwa sababu imezeeka," alisema. "Liemba ilikuwa na miaka mingapi ilipotuleta?"

Hesabu hiyo ni rahisi. Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, na Waingereza wakaitoa majini mwaka 1924. Ilianza maisha kwa mvuke, na miaka ya 1970 ikawekewa motere za mazuti. Ilipoleta watu Uvira ilikuwa imepita miaka themanini.

Mke wake aliisikiliza habari ya Liemba mpaka mwisho, kisha akasema, "Yaya, Liemba ilikuwa na serikali nyuma yake. Ikiharibika, hailali kwenye pesa ya unga wangu."

Watoto walipolala ndipo alisema neno lenyewe.

"Baba Watoto, unanunua gari, au unanunua ule usiku wa Kamanyola?"

Hakujibu. Usiku ule alikuwa amebeba mtoto wa mwisho shingoni na godoro mkononi. Gari ya jirani iliwapita, imejaa mpaka juu. Alipunga mkono. Haikusimama, na ukweli ni kwamba haikuwa na nafasi hata ya kuku. Kwa miezi mitano hakusema habari ya gari ile mbele ya mtu, lakini kila alipoona gari inauzwa alisimama.

"Mimi pia niliiona," mke wake alisema. "Na unakumbuka tuliikuta wapi? Luberizi. Kando ya njia, kifuniko wazi. Wenyewe walikuwa wanatembea mbele yetu na watoto wao."

"Ilikosa nini?"

"Sijui. Ilikosa kitu kimoja."

Walikaa kimya. Kisha mama alitoa masharti yake. Hakukataa gari. Alisema dola 500 hazitaingia kwenye gari ile, hata ikilia. Zitakaa kwenye kitenge, kwa sababu miguu ndiyo iliyowaleta Uvira, na miguu inahitaji pesa ya njiani. Mkanda ubadilishwe kabla ya pesa kutoka mkononi. Na hakuna kukopa. Kama mzee hawezi kukubali hayo, gari si yao.

Asubuhi baba alirudi chini ya mwembe na kusema 3,800. Mzee alikasirika. "Unaona njia yangu imefungwa, unataka kuninyang'anya." Baba hakubishana naye. Alifungua daftari, akamwonyesha ukurasa wote, mstari kwa mstari, hata ule wa dola 500 za kitenge. Mzee aliusoma mara mbili, akarudisha daftari, akasema hapana.

Siku tisa zilipita. Baba alisaidia kuteremsha mizigo Kalundu kwa siku kadhaa. Komisionere alileta gari nyingine, ya 2,900, yenye namba ndogo kuliko hii na karatasi za mtu ambaye hakuonekana. Baba hakwenda hata kuiona. Mke wake alikumbuka baadaye kwamba siku ile ndipo alianza kuamini kwamba mume wake amerudi kichwani mwake.

Siku ya kumi mzee alikuja mwenyewe, kwa miguu. Kuna mtu alimwahidi 4,500, nusu sasa na nusu baada ya mavuno, na mzee hakutaka kungojea mavuno ya mtu. Walikubaliana 4,000, pesa mkononi, na bei ya mkanda wagawane nusu kwa nusu, 90 kila mmoja. Sasa hesabu ilikaa. Matengenezo na karatasi vilikuwa 720. Zile 500 zilibaki kwenye kitenge, na 80 juu yake.

Gari ilipelekwa garaji polepole, asubuhi. Fundi alipotoa mkanda wa zamani aliupindua mwangani. Nyuma ulikuwa na nyufa kila mahali, na meno mawili hayakuwapo. Mzee aliuchukua, akapitisha kidole mahali pa meno yale.

"Nimepanda Ngomo na kitu hiki," alisema. "Na watu kumi na wanne ndani."

Hakuna aliyemjibu. Alikaa kwenye jiwe mpaka mkanda mpya ulipofungwa, kisha akawafundisha mambo ya gari yake. Gia ya pili haipendi haraka. Taa ya kulia inataka kupigwa kidogo. Na mlango wa abiria ufunguliwe na msaidizi tu, baada ya kuangalia nyuma.

Kuna familia nyingine Uvira, na nyingine ziko ng'ambo huko Burundi, zenye pesa za mwisho mkononi na wazo kama hili. Zinazofika garajini zinaambiwa maneno yale yale. Gari uione ikiwa baridi. Jina la karte roze liwe la mtu anayesimama mbele yako. Bei ya gari si bei ya kuanza kazi, na matengenezo yaandikwe kabla ya kuhesabu faida. Mazuti ya kadhafi, yale ya barabarani, yawekwe kwanza kwenye chupa safi na kuachwa yatulie. Maji yatashuka chini, na utayaona. Burundi ilipoanza kukosa mafuta, watu wa ng'ambo walikuwa wanavuka kuja kuyatafuta hapa, na mafuta yakiwa haba kila mtu anauza alicho nacho. Na kama ukishanunua hakibaki kitu cha kula mwezi mzima, gari hiyo bado haijawa yako, hata kama ni nzima.

Safari ya kwanza ilikuwa Jumanne, mpaka Mboko. Walirudi na magunia ya ndagala na abiria tisa, na chupa ya mazuti ikiwa imesimama mbele, karibu na kioo. Jioni mama alihesabu pesa mezani na kuigawa mara tatu: ya nyumba, ya mazuti ya kesho, na ya gari. Hiyo ya tatu wanaiita sahani ya gari, na hata mtoto mdogo anajua haiguswi.

Jumamosi usiku baba alifungua daftari kwenye ukurasa ule ule. Chini ya 412,607 aliandika 413,046. Pembeni aliandika: mkanda mpya 412,611. Fundi alimwambia vumbi la njia ya Fizi halingojei laki moja, kwa hiyo akajumlisha 80,000 na kuandika namba ya pili, 492,611. Mtoto mwenye daftari alimkumbusha kwamba Jumatatu ana mtihani wa kuzidisha, na akaomba arudishiwe.

Jumatatu asubuhi gari ilikwenda dukani kwanza, kumnunulia baba daftari yake.